Makofi Mawili ya Rukia: Kutoka Mtongwe hadi Mwakirunge

Haya, mmeshinda. Tangu nirudi Jumapili simu yangu haipumui. Mmoja anauliza ilikuwaje, nikimjibu, wa pili anauliza upya, wa tatu anataka nimtumie sauti, na wa nne kasikia huko Majengo Mapya kwamba nilipandwa na pepo katikati ya harusi ya watu. Naandika mara moja, yote, kisha asiniulize mtu tena.

Najua kuna atakayesema kwamba kutoka Mtongwe hadi Mwakirunge si safari, ni mwendo wa kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Mimi niliondoka nyumbani saa moja asubuhi, nikafika saa kumi na nusu jioni, nikiwa mweupe kuanzia ushungi hadi viatu. Kuna watu kwa muda huo wamefika Dubai, wamelala na wameamka.

Kwa wale walioingia kwenye grupu letu juzi juzi, niwaeleze kidogo. Mimi na Rukia tumekua nyumba mbili ukuta mmoja, na tangu tukiwa kidato cha tatu tumekuwa tukisikiliza bendi moja ya Kijapani, vijana wanne wenye gitaa na nywele za rangi ya pilipili hoho. Tunawaita Wale Wanne, maana jina lao wenyewe limeandikwa kwa herufi za kwao, vibanda vidogo vidogo ambavyo sijapata kuvisoma. Wimbo wao tunaoupenda kuliko yote ni ule wa mwavuli. Kijana amepoteza mwavuli wa mwenzake, basi anakimbia mji mzima kwenye mvua kwenda kuomba radhi. Kiitikio chake ni "gomen ne, mada koko da yo", yaani "nisamehe, bado niko hapa." Kabla ya kiitikio cha mwisho muziki wote hukatika ghafla. Kimya cha hesabu nne, halafu makofi mawili, pa-pa, kisha magitaa yanarudi kwa kishindo.

Rukia hajapata kuyangoja makofi hayo hata siku moja. Yeye hupiga kwenye hesabu ya tatu. Tulipoimba kwenye ule mkutano wetu wa wapenda katuni za Kijapani pale Likoni, alipiga mapema kama kawaida yake, ukumbi mzima kimya, makofi yake peke yake. Mimi nikacheka kwenye kipaza sauti. Kisha, badala ya kuomba radhi, nikaituma video kwenye grupu hili. Mlicheka nyote, msijifanye. Mkamtengenezea na stika. Rukia akatoka kwenye grupu usiku ule ule, na kwa miezi minane hakunisemesha.

Sasa alikuwa anaolewa Jumamosi huko Mwakirunge, na Jumanne yake anaondoka na mumewe kwenda Maskati. Hakunialika. Mamake ndiye aliyetuma mtu nyumba kwa nyumba, na aliyetumwa akaniambia: "Mama Rukia asema uje na uimbe chochote, umchangamshe mtoto." Rukia hakujua. Nami sikutaka ajue, kwa sababu angekataa. Nilikuwa na siku moja ya kumwomba msamaha, na sikujua namna nyingine ya kumwomba isipokuwa kwa wimbo ule.

Mtongwe hadi ng'ambo ya kivuko

Kosa la kwanza nililifanya mlangoni kwetu, nilipomwambia nyanya ninakoelekea. Kwetu hutaji unakokwenda ovyo, maana utapewa mzigo. Nyanya akaingia jikoni akatoka na mkate wa sinia mzima, ndani ya sinia lake, umefungwa kwa kanga.

"Mpe nyanyake Rukia," akasema. "Na sinia langu lirudi."

"Nyanya, mimi naenda kuimba."

"Kwani wimbo unabebwa kwa mikono?"

Kwenye kivuko nikapata pa kusimama karibu na ukingo, sinia nimelikumbatia. Nilikuwa na wasiwasi wa kusahau ubeti wa pili, hivyo nikavaa visikilizio, nikafumba macho nikaanza kuimba polepole. Visikilizio vilikuwa chini ya ushungi. Sikulifikiria hilo. Mtu akinitazama aliona msichana wa buibui, kafumba macho, kakumbatia sinia, anatikisa kichwa na kunong'ona lugha isiyo ya hapa.

Nilipofumbua macho, mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo, ana kikapu cha ukili, uso umejaa huruma.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Lakini sisemi nawe, nasema na huyo." Akajisogeza sikioni mwangu. "Watoka wapi?"

Nikadhani anauliza kuhusu wimbo. "Japani," nikajibu.

Akashika kifua. "Ya Rabi! Wa Habeshi nimemuona, wa Kizungu nimemuona. Wa Japani wallahi sijapata. Na wataka nini?"

"Nataka kufika Mwakirunge tu, mama."

"Sikizeni!" akawaambia watu. "Ana pa kwenda!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimeshakuwa mgonjwa wa pepo. Nikataka kuvua ushungi nionyeshe visikilizio, lakini mikono ilikuwa na sinia, na kila nilipofungua mdomo kueleza, yule mama aliuinamisha uso wangu na kuninyamazisha kwa upole. Akatoa halua kikapuni, kipande kinene cha kutosha watu watatu. "Kula utulie. Lakini usimsumbue mtoto wa watu, umesikia?"

Ningekataa. Ila sikuwa nimekunywa chai, na halua yenyewe ilikuwa imeiva vizuri, ina lozi. Nikaila yote. Watu wakatikisa vichwa kwa namna pepo anavyopenda tamu. Faida niliyoipata ni nafasi, maana duara lilifunguka kunizunguka, na kwenye kivuko siku ya Jumamosi asubuhi nafasi ile hapewi hata mheshimiwa.

Tulipofika ng'ambo yule mama akanishika bega. "Jina langu Bi Mwanahamisi. Mwambie huyo wako asinisahau."

Changamwe, kwa wenye gitaa

Katika bendi yetu ndogo mpiga gitaa ni Otieno, kijana wa kiwanda cha plastiki huko Changamwe. Alikuja pwani miaka mitano iliyopita na mpaka leo husema "manze" kabla ya kila jambo, hata kabla ya kusalimia wazee. Nilimkuta kwenye kibanda karibu na lango la kiwanda, katoka zamu, anakula chapati na maharagwe.

"Manze Zuhu, mambo si mambo," akasema. "Gitaa liko kanisani, na funguo iko kwa mchungaji."

Gitaa lile ni la kwaya. Otieno hulipiga Jumapili, na siku nyingine huliazima akisema anafanya mazoezi, jambo ambalo ni kweli, ila hasemi mazoezi ya nini. Siku hiyo mchungaji alikuwepo mwenyewe, anapanga viti. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya kuona uongo kabla hujauanza.

"Linakwenda wapi?"

"Harusini, mchungaji," akasema Otieno.

"Kuimba nini?"

"Wimbo wa Kijapani."

"Unasema nini?"

Otieno akanitazama mimi. Nikasema, "Unaomba msamaha."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu niliyemkosea. Anaitwa Rukia."

Mchungaji akaweka kiti chini. "Basi ni wa toba. Uimbeni nisikie."

Tukauimba pale pale, mimi na buibui langu na sinia langu la mkate, Otieno akipiga gitaa lililobandikwa stika ya msalaba. Mchungaji akafumba macho. Tulipofika kwenye kile kimya cha hesabu nne, akadhani tumemaliza, akaanza kuomba. Alimwombea Rukia na mumewe, akaniombea mimi niwe na ulimi mzuri, akaliombea na gitaa. Sala ilikuwa ndefu kuliko wimbo. Nilianza nikiwa nauma midomo nisicheke, lakini alipolitaja jina la Rukia mara ya tatu, mtu ambaye hamjui kabisa, nikajikuta machozi yananilenga. Miezi minane nilikuwa sijalisikia jina hilo likitajwa kwa wema. Kwetu grupuni lilikuwa limekuwa jina la stika.

Akatukabidhi gitaa na spika ndogo ya betri. "Amina ya wimbo huo mngojee aliyekosewa aiseme," akasema.

Ndani ya lori la mawe

Otieno alikuwa na rafiki dereva wa lori, jina lake Mutua, anayechukua mawe ya kujengea huko Mwakirunge na kuyaleta mjini. Alikuwa anarudi na lori tupu. Tukapanda watatu mbele pamoja na gitaa, spika na sinia. Nyuma hapakufaa, kulikuwa na vumbi la wiki nzima.

Mutua alitaka kujua wimbo. Tukamwekea kwenye simu. Akausikiliza kutoka Makupa hadi daraja la Nyali akipiga usukani kwa vidole. Kisha akauliza unasema nini, nikamweleza habari ya mwavuli.

"Na alimpata huyo mwenzake?"

"Wimbo hausemi."

"Haisemi?" Akapunguza mwendo. "Mtu amekimbia mji mzima kwa mvua, na hawakwambii kama alifunguliwa mlango?"

"Ndio uzuri wake," akasema Otieno.

"Uzuri gani? Hiyo ni kazi nusu. Mimi nikipeleka mawe nusu nitalipwa?"

Wakabishana kupita Kongowea, Bombolulu, mpaka Kiembeni. Mutua alishikilia kwamba kijana angenunua mwavuli mwingine na mambo yaishe. Otieno alisema si habari ya mwavuli, manze, ni heshima. Mutua akampigia mkewe simu aamue. Mkewe akasikiliza kisa chote, akauliza kwanza mwavuli ulikuwa wa rangi gani, kisha akasema kijana huyo alikawia, angekwenda siku ile ile.

Nilitazama nje. Hakuna aliyejua kwamba kaniambia mimi.

Kiembeni Mutua akasimama, anataka chai. Hapo ndipo mkate wa sinia ulipofikwa na ajali. Mutua aliomba kuonja ukingo tu. Otieno akasema ukingo mmoja ukikatwa mkate unakaa upande, afadhali kukata na wa pili. Tulikula viazi karai kwa ukwaju, tukateremsha kwa mkate wa nyanya, na kila kipande kilikuwa na sababu yake nzuri. Mwishowe nilikuwa na sinia tupu linalong'aa, na bado lazima nilifikishe kwa nyanyake Rukia. Kwa kweli hakuna aibu kama hiyo. Chombo kitupu hakirudishwi, sembuse kupelekwa.

Machimboni, ambako hatukuwa tunakwenda

Saa saba tungekuwa tumefika. Lakini Mutua alipofika njia panda akakunja kona upande wa machimbo. Tukamwambia harusi iko kule. Akasema anajua, ila akikosa zamu yake ya kupakia, atangoja mpaka kesho. "Dakika ishirini," akasema.

Tulikaa saa tatu.

Mashine za kukatia mawe zilikuwa zinalia, na vumbi jeupe linapanda kama unga mtu akichekecha. Buibui langu jeusi lilianza kuwa la kijivu, kisha likawa halina jina. Otieno alibaki macho na meno. Vijana wanaokata mawe walitaka kujua gitaa ni la nini, basi tukawaimbia. Sehemu ninayopiga mayowe waliipenda kupita kiasi. Mmoja akaniambia sauti yangu inafanana na msumeno wa mawe, naye alikuwa anasifu, nami nikashukuru.

Mutua akachukua sinia akaanza kulipiga kama ngoma. Wallahi, lilitoa sauti nzuri. Kwa mara ya kwanza bendi yetu ikawa na mpiga ngoma.

Lakini kila nikitazama simu, saa inakwenda. Kupamba kwenyewe huanza baada ya alasiri. Bibi harusi akishatolewa, akikaa kwenye jukwaa watu wakamtazama, akishaondolewa, ndiyo basi. Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Nilimgombeza Mutua, nikamgombeza Otieno kwa kuwa na rafiki kama Mutua, nikayagombeza mawe. Mutua alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, huyo Rukia ni nani?" akauliza. Jina lilikuwa limenitoka kwa hasira; kabla ya hapo sikuwa nimemtaja kwake hata mara moja.

"Mchungaji alitaja jina hilo mara tatu kwenye sala," Otieno akamwambia. "Ndiye mwenye mwavuli."

Mutua akapanda lori na kupiga honi, akawaambia wapakiaji waliobaki na mawe kumi na matano wayaache, atayafuata Jumatatu. Yule aliyesema kazi nusu hailipwi akaondoka na lori lisilojaa.

Nyumbani kwa kina Rukia

Babake Rukia alijenga huko mwaka jana, nyumba nzuri yenye ua mpana. Ua ulikuwa umezungushiwa turubai, ndani wanawake peke yao, na vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mlangoni alisimama mama mmoja wa kukagua waingiao, mikono kiunoni.

Alimtazama Otieno. "Huyu nani?"

"Gitaa," nikasema.

"Gitaa liingie. Yeye abaki."

Naapa sikuwa nimelifikiria. Nimezaliwa huku, nimehudhuria kupamba tangu nikibebwa mgongoni, najua mwanamume hatii mguu, na bado nilisafiri siku nzima na mpiga gitaa mwanamume. Mama Rukia akaja mbio, akaniona nilivyo mweupe, akasema "Lailaha!" Kisha akatafuta njia. Otieno na Mutua wakapelekwa nyuma ya turubai, kwenye wapishi wa pilau, na waya wa spika ukapitishwa chini. Spika ikakaa ndani nami, gitaa likabaki nje na Otieno. Tukakubaliana nikiuvuta waya mara moja, anaanza.

Nikaingia. Rukia alikuwa amekaa juu ya jukwaa, kwenye kiti chenye maua, amevaa nguo ya kijani, mikono ina michoro ya piko hadi viwiko na bangili za dhahabu. Alikuwa mzuri mpaka nikasahau nilichofuata. Macho ameyainamisha chini, kama inavyotakiwa. Bibi harusi hatazami watu, hacheki, hasemi. Hapo likanijia jambo la pili nisilolifikiria: hata akinisikia, hataweza kunijibu.

Nikauvuta waya.

Otieno akaanza vizuri. Mutua naye akalitwanga sinia huko nje. Mimi nikaimba. Kwa ubeti mzima wanawake walinyamaza, wananitazama kwa makini mno, na nilidhani wanashangaa. Siyo. Walikuwa wanatafuta wimbo unamsema nani.

Mnatujua. Kwetu hakuna wimbo wa harusini usiomsema mtu. Maneno yakiwa wazi, unamsema jirani. Yakiwa ya fumbo, unamsema ndugu. Na haya hayakufahamika kabisa, kwa hiyo lazima yalikuwa makali sana. Mama mmoja akanyanyuka, akanijia huku anacheza kwa mabega, akaniwekea asmini shingoni na kuninong'oneza sikioni:

"Mwanangu, beti hiyo yamsema nani?"

"Haimsemi mtu, mama."

"Eeh! Mtunzi hodari huyu!"

Sasa, nyinyi mlio nje ya familia hamkujua kwamba tangu asubuhi pande mbili zilikuwa zinavutana. Upande wa bibi harusi walitaka pilau iwe na viazi. Upande wa bwana harusi walisema pilau yenye viazi ni ya hotelini. Mama Rukia alikuwa hajashindwa, na shangazi yake bwana harusi alikuwa hajakubali. Basi Mama Rukia akaamua kwamba ubeti wa kwanza unamsema shangazi. Akainuka, mkono juu, akapita mbele ya upande wa pili polepole, anaitikia "gomen ne" kana kwamba kazaliwa nayo.

Shangazi akainuka kumjibu. Nilipomwona uso nikakosa noti mbili. Alikuwa Bi Mwanahamisi.

Naye aliponitambua, mweupe hivyo, akapiga kigelegele cha kutikisa turubai. "Ndiye! Ndiye yule wa Japani! Jamani, asubuhi alikula halua yangu!" Akawageukia wenzake. "Na sasa yuwasema! Yuwasema viazi haviingii!"

"Haviingii wapi?" Mama Rukia akajibu. "Pepo mwenyewe amekuja kwa mwaliko wangu!"

Wanawake wakasimama pande zote, wengine kucheza, wengine kusoma dua, wengine wanacheza huku wanasoma dua. Mimi nikaendelea kuimba, maana sikuwa na la kufanya. Nilimtazama Rukia. Hakuinua macho. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa picha. Nilijiambia: Zuhura, umemharibia tena. Ya kwanza uliiharibu mbele ya ukumbi, hii umeiharibu mbele ya wakweze.

Tukafika pale pa kukatika. Gitaa likakatika. Sinia likakatika. Nikanyoosha mkono kuwanyamazisha wanawake, na kwa sababu walidhani pepo anataka kutamka neno, wakanyamaza wote, hata watoto.

Moja.

Mbili.

Pa-pa.

Makofi mawili, kwenye hesabu ya tatu, na bangili zake zote zikalia kwa pamoja. Rukia alikuwa bado ameinamisha macho. Midomo yake haikucheka. Mikono tu ndiyo ilikuwa imeinuka kutoka mapajani, na sasa ilikuwa inarudi mahali pake pole pole, kama haikufanya kitu.

"Rukia!" nyanyake akamkemea. "Bibi harusi hapigi makofi!"

Nikangoja gitaa lirudi. Halikurudi. Nikauvuta waya. Nikauvuta tena kwa nguvu, ukaja wote, mwisho wake unaning'inia, hauna kitu. Baadaye niliambiwa kwamba wapishi walikuwa wamechoka kungoja uamuzi wa viazi, wakamuuliza Otieno, kwa kuwa yeye hana upande. Otieno akasema manze, pilau bila viazi ni wali. Kwa hiyo kwenye hesabu ya tatu yeye na Mutua walikuwa wameshika sufuria la viazi huku na huku, wanalimimina.

Nikaimba kiitikio cha mwisho peke yangu, bila gitaa, sauti yangu ya msumeno, machozi yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Nisamehe, bado niko hapa. Bi Mwanahamisi akaniwekea kanga mabegani na kuwaambia watu kwamba pepo sasa anatoka, mpeni nafasi.

Chumbani

Walipomwondoa Rukia jukwaani niliitwa chumbani. "Zuhura!" Ni yeye aliyeniita. Nikaitika "abee" kwa adabu ambayo sijapata kumpa maisha yangu yote.

Alikuwa amekaa kitandani na nguo yake ya kijani, anakula pilau kwa mkono wenye piko. Ilikuwa na viazi. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, mweupe na asmini shingoni, na sinia tupu lenye mabonde kwapani.

"Lilikuja kwa nyanyako," nikasema. "Lilikuwa na mkate."

"Naona."

Nikaanza maneno niliyoyapanga tangu Mtongwe. Nikasema ile video nilikosea. Nikasema nilicheka kwa sababu nilikuwa nimesimama pale naogopa, na yeye alikuwa haogopi. Nikasema nilitaka kuja siku ya pili yake, nikaona haya, kisha wiki, kisha mwezi. Alitafuna mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwenye grupu mnasema mimi hupiga mapema," akasema.

"Stika nitawaambia waifute."

"Sikiza kwanza. Mimi sijawahi kupiga mapema." Akanisogezea sahani, na upande wangu ulikuwa na kiazi kizima. "Nyinyi ndio mnaochelewa. Wewe hasa. Miezi minane, Zuhura."

Nikakaa kitandani kwake na vumbi langu lote, nikala.

Jumanne tulimsindikiza uwanja wa ndege, na Bi Mwanahamisi alikuwepo na halua nyingine, ya pepo. Rukia alipofika kwenye mlango wa abiria akageuka. Sote tulikuwa tumeinua mikono tayari, mimi, Otieno na Mutua, tukihesabu kimoyomoyo. Kwenye tatu akapiga makofi yake mawili, nasi tukapiga naye.